Baisikeli, Mjengo na Nyumba: Mwili ni Mmoja

Tuketi pamoja kwa dakika chache tuzungumze juu ya afya ya watu wetu wa nyumbani. Kama unapika, endelea kupika. Kama unanyonyesha, egemea vizuri, nasi tuanze.

Leo nazungumza na nyumba yenye mambo matatu kwa wakati mmoja. Jambo la kwanza, kuna mtu anayeshindana kwa baisikeli. Pengine ni baba, pengine ni binti yako, na pengine ni wewe mwenyewe. Jambo la pili, kuna mjengo. Chumba kinaongezwa, jikoni inawekwa taili, au kuta zinapakwa rangi upya. Jambo la tatu ni maisha ya kila siku: shule, kazi, kuni, maji, kliniki na mtoto anayelia usiku.

Huenda ukasema, "Sista, mashindano ya baisikeli si ya watu kama sisi." Hapana, mama. David Kinjah amewafunza vijana kuendesha baisikeli huko Kikuyu kwa miaka mingi. Mmoja wa aliowafunza ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini leo siwazungumzii wanaolipwa. Nawazungumzia wa ridhaa, wanaofanya mazoezi alfajiri na saa mbili asubuhi wawe kazini. Hawa hawana mpishi wala daktari wa timu. Mpishi wao ni wewe.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: mwili ni mmoja. Mwili haujui kama mzigo umetoka kwa baisikeli au kwa wilbaro. Mtu akipanda milima kwa baisikeli asubuhi, mchana akachanganya kokoto na simiti, jioni akabeba mitungi ya maji, amefanya kazi nzito mara tatu. Yeye atakwambia amefanya mazoezi mara moja tu. Hapo ndipo ugonjwa huingia.

Basi tufanyeje?

Kwanza, hesabuni mzigo wote. Chukua kalenda ya ukutani. Jumapili jioni, keti na wenzako wa nyumbani muandike siku za mazoezi, siku za fundi na siku za nyumba, kama vile kliniki, mkutano wa shule au chama. Kisha mshike kanuni moja: kazi nzito moja kwa siku. Siku ya kumwaga zege si siku ya mazoezi marefu. Siku ya kubeba mawe ihesabiwe kuwa siku ya mazoezi. Wiki ya mashindano, msifungue paa. Na siku mbili tatu baada ya mashindano, mpeni kazi nyepesi, kama kununua misumari au kusimamia fundi.

Utajuaje kwamba mzigo umezidi? Mwendeshaji apime mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu kwa dakika moja. Mapigo yakiwa juu kuliko kawaida yake kwa siku kadhaa, halala vizuri, ana hasira za bure na mafua hayamwishi, mwili unaomba kupumzika. Dawa yake ni usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa usiku mmoja, na kijana zaidi ya hapo.

Pili, chakula kilingane na kazi. Kabla ya kutoka, uji au ndizi. Akirudi, ugali au viazi vitamu pamoja na maharagwe, ndengu, mayai au omena, na mboga za kijani. Chungwa au nyanya kando ya sahani huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Chai huyazuia, kwa hivyo ingoje kama saa moja baada ya chakula.

Mama mwenye binti anayeshindana, nisikilize hapa. Binti akifanya mazoezi mengi na kula kidogo, hedhi yake inaweza kusimama. Wengine hufurahi, wakidhani ni dalili ya kuwa imara. Si hivyo. Mwili umekosa nguvu na umeanza kufunga baadhi ya milango. Mifupa nayo hudhoofika, ikavunjika kwa urahisi. Hedhi ikikosa kwa miezi mitatu, mpeleke kituo cha afya, na usimkaripie. Huenda ni mimba, huenda ni njaa ya mazoezi. Yote mawili yanahitaji kuonwa mapema.

Na wewe uliyejifungua juzi, baisikeli itakungoja. Rudi kliniki kwanza uchunguzwe, hasa kama ulipasuliwa. Baada ya hapo, mazoezi ya kiasi hayaharibu maziwa. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka, kunywa maji ya kutosha, na uongeze chakula.

Tatu, mjengo usiwaumize watoto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hatari nyingi hazionekani.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huharibu ubongo polepole, na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote. Fundi akisugua ukuta mkavu kwa msasa, vumbi hilo huanguka sakafuni. Mtoto anayetambaa hulishika, kisha hutia mkono mdomoni. Kwa hivyo mwambie fundi aulowanishe ukuta kabla ya kukwangua, na asiichome rangi kwa moto. Mama mjamzito na watoto wadogo wasiwe humo ndani. Kazi ikiisha, usifagie kwa ufagio mkavu. Panguseni kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Tena, mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma hunyonya risasi zaidi, kwa hivyo yale maharagwe na mboga ni kinga pia.

Kama paa lenu ni la asbestosi, lile la zamani la kijivu, msilipasue, msilikate kwa msumeno wala msilikwaruze. Vumbi lake huingia mapafuni, na linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Matumizi yake yalipigwa marufuku nchini mwaka wa 2006, lakini mapaa ya zamani bado yako. Kuyaondoa ni kazi ya watu wenye leseni. Ulizeni ofisi ya NEMA kabla ya kuligusa.

Simiti mbichi huchoma ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha uende hospitali mara moja. Taili na mawe yakikatwa, yamwagiwe maji ili vumbi lisiruke.

Pipa la maji ya fundi lifunikwe kila saa, hata kama fundi ameenda kula tu. Mtoto mdogo huzama kimya, hata katika ndoo. Thina, mafuta ya taa na mafuta ya kusafishia cheni ya baisikeli visitiwe kamwe katika chupa ya soda. Vikae juu, mahali penye kufuli. Mtoto akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike. Mbebe haraka hospitalini, na ubebe chupa yenyewe.

Mtu akidungwa na msumari, oshani kidonda kwa maji na sabuni, kisha aende kituo cha afya akaulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Asingoje kidonda kivimbe.

Nne, barabarani. Helmeti ivaliwe hata kwa safari ya dukani. Ikiwa imegonga chini katika ajali, inunuliwe nyingine, hata kama haina ufa unaoonekana. Breki zikaguliwe kila asubuhi. Taa iwepo mbele na nyuma, kwa maana alfajiri dereva wa matatu hamwoni mtu mwenye nguo nyeusi. Akianguka na kugonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia ovyo, akasema maneno yasiyoeleweka au kichwa kikazidi kuuma, ni hospitali moja kwa moja. Usimwache alale akisema atapoa.

Tano, na hili ni lako mama. Mtu mmoja akitoka kwa mazoezi saa tatu, zile saa tatu za kazi ya nyumbani hazipotei. Kuna mtu huzibeba, na mara nyingi ni wewe. Wewe ndiwe unayeamka kupika uji, kumlipa fundi, kufagia vumbi na kumtafuta mtoto nyuma ya rundo la mchanga. Kazi yako nayo iandikwe kwenye ile kalenda. Akipata alfajiri tatu za mazoezi, nawe upate jioni zako za kutembea, za chama, au za kulala tu. Mwambie kwa upole, lakini mwambie. Nyumba nzuri yenye mama aliyechoka kiasi cha kuugua haijajengwa bado.

Na pesa zisipotosha vyote, pangeni hivi: kwanza usalama, kama kifuniko cha pipa, kufuli na breki, pili chakula, kisha taili na tairi mpya. Taili zinaweza kungoja mwaka mwingine. Mifupa ya binti na ubongo wa mtoto havingoji.

Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba itaisha, na mashindano mengine yatakuja. Wapelekeni polepole mkiwa wote wazima.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kazi nzito moja kwa siku. Mjengo pia ni mazoezi.
2. Hedhi ikikosa kwa miezi mitatu, nenda kituo cha afya.
3. Lowanisha ukuta kabla ya kukwangua rangi. Watoto na wajawazito wakae mbali.
4. Funika pipa. Fungia thina na mafuta ya taa.
5. Aliyegonga kichwa na kutapika apelekwe hospitali mara moja.
6. Kazi ya mama iandikwe kwenye kalenda, na mapumziko yake pia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wiki hii nyumbani kwako, nani amebeba kazi nzito zaidi ya moja kwa siku?
2. Ni kitu gani cha mjengo ambacho mtoto wako anaweza kukifikia leo?