Sabuni ya Krimu ya Kutengenezwa Nyumbani

Sabuni ya krimu hutengenezwa kwa alkali mbili: potasiamu haidroksaidi, inayotoa sabuni laini, na kostiki soda, inayotoa sabuni ngumu. Ya kwanza ndiyo huwa nyingi. Mng'ao wa lulu wa krimu hutokana na asidi ya steariki, ambayo imo pia katika mafuta ya ng'ombe, yasiyo adimu kwenye bucha za Eldoret. Mafuta ya nazi huongeza povu. Gliserini huzuia krimu kukauka.

Chombo ndicho kinachowaponza wengi. Sufuria za kawaida nchini Kenya ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayowaka upesi. Kinachofaa ni chuma kisichoshika kutu. Alkali humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya alkali, na anayemimina huvaa glavu na miwani.

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu nyuzi 93, kwa hiyo upishi wa sabuni juu ya maji ya moto huchukua muda zaidi kuliko Mombasa.

Anayejaribu fomula mpya hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kupima kwa mizani, si kwa kikombe. Gramu 100 za mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 18 za kostiki, lakini gramu 26 hivi za potasiamu haidroksaidi safi. Kubadilisha moja kwa nyingine bila hesabu huacha ama mafuta mabichi, ama alkali ya kuunguza ngozi.

Kwa sabuni ya kuuzwa, huhitajika alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS).