Hakimu wa Kwanza Kulewa: Kileo katika Ubongo na Mwili



Kisiwa hiki cha Unguja, ambacho wakaazi wake takriban wote ni Waislamu na ambamo uharamu wa khamri hauna khilafu, kina wagema tangu zama za wazee wetu, na si insafu tukakaa katika warsha hii tukauzungumza ulevi kana kwamba umeteremka kiwanja cha ndege pamoja na watalii. Mgema hupanda mnazi na kotama yake kiunoni, akakata ncha ya karara changa, akafunga kibuyu chini ya jeraha hilo. Na maji matamu yanayodondoka humo huanza kuchacha kabla hayajateremshwa, kwa kuwa hamira haimngojei mtu. Asubuhi ni tembo tamu, jioni ni tembo kali, na likiachwa siku kadhaa hugeuka siki.

Kileo kilichomo katika tembo huyeyuka katika maji na hupenya katika mafuta, na kwa sababu hiyo, kikishatoka tumboni na katika utumbo mwembamba kikaingia damuni, hakuna mlango wa ubongo unaokizuia. Humo hukipa nguvu kile kinachozituliza neva, kikakidhoofisha kile kinachoziamsha. Na miongoni mwa sehemu za mwanzo kuathirika ni ile iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima mambo, kuona haya na kuuzuia ulimi. Basi mnywaji asemaye kwamba pombe haimwezi amemtaka hukumu hakimu ambaye yeye mwenyewe amekwisha kulewa, na ndiyo sababu mimi siuamini ushahidi wake, japokuwa aghalabu husema kweli kwa kadiri aionavyo. Kisha hufuata sehemu ya kisogoni ishikayo mizani ya mwili, ndipo miguu ikapishana. Kisha ile iandikayo kumbukumbu, ndipo mtu akaamka asijue amefikaje nyumbani. Na kipimo kikizidi mno, hata shina la ubongo lisimamialo pumzi hulala.

Kukiondoa kileo mwilini ni kazi ya ini, nalo halina haraka. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi, na ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hivyo kahawa chungu anayoinywa mlevi pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, hata ikiwa na tangawizi tele, humfanya awe mlevi aliye macho tu. Na katika kukivunja, ini hukigeuza kwanza kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu chembe za mwili na kuleta saratani, ya koo na ya ini na nyinginezo.

Neno alkoholi, kwa mnasaba huu, asili yake ni la Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja wa kupaka machoni. Ajabu ni kwamba gongo lililochanganywa na methanoli hupofua macho yale yale, kwa kuwa mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoua neva ya jicho. Na Nairobi, mwezi wa Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100.

Lakini khatari ninayotaka tuizingatie zaidi ni ya kwetu hasa, nayo huja na mwezi mwandamo. Wako watu wanaokunywa kila siku miezi kumi na moja, na usiku wa kuamkia Ramadhani wakaacha ghafla, kwa nia njema kabisa. Ubongo uliozoea kutulizwa huachwa umeamka wote: mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu, kifafa huweza kumshika ndani ya siku mbili, na siku ya pili au ya tatu huanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Wa nyumbani husema amepandwa na shetani, wakamfungia chumbani au wakamwita mganga, ilhali hayo ni maradhi yanayoua, na yenye dawa. Pahala pake ni hospitali ya Mnazi Mmoja, usiku huo huo. Apewe dawa ya kuzituliza neva, na vitamini B1 kwa sindano, kwani mnywaji wa miaka mingi huwa amepungukiwa nayo, na upungufu huo huweza kumpotezea kumbukumbu asiipate tena. Tangazo la jambo hili lafaa litolewe katika mwezi wa Shaabani, misikitini na katika vituo vya afya, kabla mwezi haujaonekana.