Saumu, Mwakenya na Cheti cha Kozi

(Mada kwa vijana wa vyuo, darasa la Ramadhani)



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.T.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ndugu msomaji, nataka tuzungumze jambo ambalo misikitini halitajwi sana, na vyuoni limejaa. Kijana amefunga, swala tano hazimpiti, tarawehe yumo safu ya mbele, lakini kesho yake kwenye mtihani wa kozi ana mwakenya ndani ya soksi. Ukimuuliza atakwambia, "Hii si dini, hii ni shule."

Hebu tutizame. Saumu haina msimamizi. Ukiingia bafuni ukanywa maji hakuna ajuaye, na bado hunywi. Mtu aliyeweza hilo siku 29 au 30, vipi aseme ati saa 2 za mtihani zimemshinda bila kuchungulia karatasi ya jirani?

Yamkini unaikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Hureira, iliyomo katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula cha kuuzwa, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona hakukiweka juu watu wakakiona, kisha Mtume akajitenga na mwenye kughushi. Sasa cheti cha kuiba kina tofauti gani na lile rundo? Juu kikavu, kina muhuri na sahihi ya mkuu wa chuo. Mwenye kukuajiri hatii mkono ndani.

Chukua mwanafunzi wa uuguzi. Paracetamol mtoto hupewa kwa uzito wake, kama miligramu 15 kwa kilo moja. Mtoto wa kilo 10 basi ni miligramu 150. Ni hesabu ya darasani tu. Aliyeipita hesabu hii kwa jibu la mwenzake, siku akiweka nukta pasipo pake dozi inakuwa mara 10, na mama aliyekuja usiku na mtoto mwenye homa hana njia ya kujua.

Wala si jambo la watu wawili watatu. Mwaka 2015 matokeo ya KCSE ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka uliofuata serikali ilipokaza kamba, waliopata A wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Na Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa wafanyakazi zaidi ya 2,000 wa umma wamepatikana na vyeti bandia. Kila kimoja ni nafasi ambayo kuna mtu aliyesoma kihalali akaikosa.

Iko aina ya pili ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni wizi. Mwanafunzi wa diploma anatakiwa aandike mpango wa biashara. Anakwenda saiba, anaukuta uko tayari, anabadilisha jina na mji, anapiga chapa, kwisha. Mfugaji kuku wa Nakuru amehamia Likoni, na bei za Nakuru zile zile! Siku hizi hata saiba wengine hawaendi, wanaandikiwa kwenye simu na programu za akili bandia kama ChatGPT. "Sijamwibia mtu, nimeokota kwenye mtandao."

Sisi Waislamu hatukupaswa kufundishwa hili na wengine. Elimu ya hadithi imesimama juu ya isnadi: fulani kanihadithia, naye kutoka kwa fulani, mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Mpokezi aliyemficha yule aliyemsikia hasa, akajifanya kasikia kwa mkubwa zaidi, kitendo chake kiliitwa tadlisi, na wenye tabia hiyo walijulikana kwa majina. Ibn Hajar al-Asqalani aliwapanga katika tabaka 5. Na Imam as-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, aliandika kijitabu ambacho maana ya jina lake ni tofauti baina ya mtunzi na mwizi, akimlalamikia mtu wa zama zake aliyechota vitabuni mwake bila kumtaja. Kutumia maneno ya mtu kwaruhusiwa, mradi umtaje: jina lake, kitabu chake, ukurasa.

Kisha wako wanaowaandikia wengine. Vijana wetu wengi waliomaliza chuo wakakosa kazi wanawaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa malipo. Hapa sitaki kuwa mkali kupita kiasi, maana kodi ya nyumba inalipwa na kazi hiyo, na mwandishi mara nyingi ana akili kumshinda mnunuzi. Lakini unashiriki katika ghushi ya mwenzio. Huko England sheria ya mwaka 2022 imeifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai. Kalamu hiyo hiyo yaweza kutafsiri, kuhariri, au kufundisha watoto wa mtaa.

Lawama zote zisimwangukie mwanafunzi. Mkufunzi anayetoa swali lile lile miaka 5 anaitafutia saiba wateja. Chuo kinachomfukuza mtoto kwa ajili ya karo wiki 4, kikamrudisha siku ya mtihani, kinatarajia nini? Kazi ihusu duka au soko ambalo mwanafunzi analijua, rasimu ionekane mapema, na siku ya kuwasilisha mkufunzi amkalishe dakika 5 amuulize maswali 3. Aliyeandika mwenyewe atajibu, hata kwa Kiingereza cha kuvunjika. Na hicho Kiingereza tukitaje: wengi wetu jambo twalijua kwa Kiswahili, kulieleza ndiko kunakotushinda, tukaiba sentensi za watu. Bora sentensi fupi yako, na makosa yake.

Na yule aliyekwisha iba, sasa ana kazi, mshahara wake je? Wako maulamaa waliojibu kuwa akitubia, na kazi anaiweza na kuitimiza, mshahara hauna ubaya. Asiyeiweza ajifunze upya, au aiache kabla hajamdhuru mtu. Kila mmoja amuulize sheikh wake kwa hali yake.

Walio na mitihani baada ya Idi, kaeni wawili wawili baada ya alasiri. Mmoja afunike kitabu amweleze mwenzake somo kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza, kisha mbadilishane. Nusu saa yatosha kabla ya kwenda kutafuta futari.

Wabillahi tawfiiq.