Breki za Motokaa Katika Miteremko ya Kangema



Nimeombwa niseme nanyi, madereva, wenye magari na abiria wa Kangema, juu ya jambo la breki. Nchi yenu mnaijua kuliko mimi. Ni nchi ya migongo na mabonde itokayo Nyandarua ikishuka kuelekea Murang'a, na kila bonde lina mto wake. Kwa hiyo gari halimalizi kupanda ila huanza kuteremka. Malori ya majani ya chai hupita huku, na matatu zimejaa watu waendao sokoni. Katika nchi tambarare breki mbovu huweza kufichika siku nyingi. Hapa hazifichiki.

Wengi hudhani kwamba breki hukatika ghafula kama kamba. Mara nyingi sivyo. Huharibiwa na moto. Dereva akikanyaga breki bila kuachilia tangu kileleni hata mtoni, pedi na ngoma za magurudumu hupata moto mkali, wala hazishiki tena sawasawa, hata akanyage kwa nguvu zake zote. Tena yako mafuta ya breki, ambayo tabia yake ni kunyonya unyevu. Yale ya aina ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya kufika digrii 205 za Selsiasi. Lakini yakiisha kunyonya maji kadiri ya sehemu 4 katika 100, huweza kuchemka kwenye digrii 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke husongeka kama hewa ndani ya mpira: kikanyagio huzama mpaka chini, na gari halisimami. Kwa hiyo mafuta hayo hubadilishwa kwa muda wake, ijapokuwa hayakupungua. Mwenye gari asemaye, "Mbona chupa imejaa?" hajajibu neno.

Mbunge wenu wa zamani, marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi alitoa kanuni zilizoanza kushikwa Februari 2004: mikanda kwa abiria, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Zilileta adabu barabarani, nami nazisifu. Lakini kidhibiti mwendo huzuia injini tu. Uzito wa gari literemkalo hakiuwezi. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni penye daraja la Nithi, wakafa watu zaidi ya 30. Ikasemwa kwamba breki zilishindwa.

Basi dereva na ashike gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, si katikati. Injini yenyewe italishika gari, na breki zitapumzika. Kuna wale waondoao gia ili gari liserereke lenyewe wapate kuokoa petroli. Petroli inayookolewa hivyo ni vikombe vichache, na roho za watu zimo ndani.

Lakini si haki kumlaumu dereva peke yake. Dereva amwambiapo mwenye gari asubuhi kwamba breki zinalia, au kikanyagio kimelegea, mara nyingi hujibiwa, "Maliza safari za leo kwanza," naye ana hofu kwamba akikataa, usukani utapewa mwingine kabla ya saa sita. Hofu hiyo ni ya kweli, maana ana watoto. Nawaambia wenye magari waziwazi: kibandiko cha ukaguzi chashuhudia siku ile ya ukaguzi tu, na fundi wa breki ana bei nafuu kuliko kesi. Nanyi abiria, dereva akisema gari ni gonjwa, msimzomee kwa sababu mmechelewa.

Breki zikishindwa njiani, usizime injini, maana usukani utakuwa mzito. Kanyaga na kuachilia upesi upesi, huenda nguvu ikarudi. Shusha gia moja baada ya moja, vuta breki ya mkono polepole, piga honi, washa taa. Ikibidi, egemeza gari kwenye ukingo wa juu wa barabara, usiliache liende upande wa bonde.

Na utingo awe na kabari ya mti garini kwa ajili ya magurudumu. Wengi hutumia jiwe, kisha gari huondoka, jiwe likabaki barabarani. Mwenye pikipiki ajaye usiku halioni.