Nguzo na Kazi Zake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na waalimu huko Tabata)



Katika siku hizi za yubile tumeombwa kusema juu ya nguzo. Msishangae, kwa maana ni chache kazi za watu zisizohitaji kitu cha kusimama wima na kuchukua uzito wa vingine.

Mwenye shamba huutegemeza mgomba kwa mwega, usianguke kwa uzito wa mkungu. Mabaharia huweka gadi ubavuni mwa chombo maji yanapokupwa, kisilale. Wachimba madini husimamisha matimba shimoni, udongo usiwafukie. Nyumba nyingi za wazee wetu wa pwani zilijengwa kwa miti ya mikoko. Na miti hiyo, iliyokatwa Rufiji na kwingineko, ilichukuliwa kwa majahazi hata Arabuni, ambako miti ya kujengea ni haba.

Walakini mti uliosimama waweza kutumiwa kwa uovu pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hapo Askofu Edward Steere akajenga kanisa. Husimuliwa kwamba madhabahu yake imesimama mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Tena husimuliwa kwamba mafundi, Askofu alipokuwa hayupo, walisimamisha nguzo kadhaa juu chini. Hazikung'olewa; zaonekana hata leo.

Nasi tulikuwa na nguzo yetu. Katika banda letu la mafundisho nguzo moja ililiwa na mchwa, nasi tulijua. Kwa kuwa wageni walikuwa karibu kuja, tuliipaka rangi. Fundi mmoja mzee akaigonga kwa mpini wa nyundo, ikalia kama ngoma. Akatuuliza, "Waalimu, watoto huwakalisha wapi?" Tukanyamaza, maana walikuwa wakikaa chini yake. Siku ile ile tukawatoa nje, tukafundisha chini ya mwembe hata nguzo mpya iliposimamishwa.

Basi, kosa la mafundi wa Unguja laonekana na kila aingiaye. Kosa letu tulilifunika kwa rangi, nalo lingaliweza kuua watoto wa watu. Waalimu wenzetu, mkirudi kwenu, zigongeni nguzo za madarasa yenu kabla ya kununua rangi. Na ikiwa moja italia kama ngoma, watoeni watoto kwanza, kisha ndipo mwite fundi.