Wibari na Tai wa Jabali

Asubuhi hii fungueni Ayubu 39, kuanzia mstari wa 27 hadi mwisho.

Ukisimama Voi na kutazama kusini utauona mlima Sagalla na majabali yake. Nchi yetu ni nchi ya majabali na ndege wake. Hata kozi mmoja mdogo, awindaye ndege wenzake hewani, anajulikana duniani kwa jina la Taita, kwa kuwa wataalamu walimwandika mara ya kwanza, mwaka 1895, kutokana na ndege aliyepatikana huku. Siku hizi kumwona ni bahati.

Lakini leo nataka kusema juu ya tai mweusi, yule mwenye alama nyeupe mgongoni, ajengaye kiota magengeni. Chakula chake hasa ni pimbi. Na pimbi ndiye wibari wa Zaburi ya 104, ambaye miamba ni kimbilio lake. Basi kimbilio la mmoja ni ghala la mwingine, tena juu ya jabali lile lile!

Tai huyu kwa kawaida hutaga mayai mawili. Kinda wa kwanza hutangulia siku chache, na mdogo wake akianguliwa, humdonoa mpaka afe, hata kama nyama imejaa kiotani. Wataalamu wameliita tendo hilo kwa jina la Kaini.

Mimi nilizoea kuhubiri habari za tai kama mfano wa malezi mema, na jambo hili nikiliruka. Siku moja, baada ya ibada, mama mmoja aliyekuwa amemzika kitinda mimba wake alinijia. Utotoni alichunga mbuzi chini ya jabali. "Mchungaji," akasema, "umetuambia juu ya kinda aliyebebwa. Na yule aliyekufa kiotani, je? Mungu hakumwona?"

Nilimwambia tutaomba, nikaondoka upesi. Naona haya hata leo.

Nikarudi kwa Ayubu. Yeye naye alifiwa na watoto, kumi kwa siku moja. Mungu alipomjibu hakumpa sababu. Alimwonyesha tai juu ya jabali, wala hakumficha damu. Someni wenyewe mstari wa 30.

Juma lililofuata nilikwenda nyumbani kwa yule mama, nikamsomea sura hiyo. Akaniomba niurudie mstari wa mwisho. Nikaurudia. Tukakaa uani kimya, tukiwasikia pimbi wakilia jabalini.

Tuombe.