Hesabu za Maisha: Jinsi ya Kufumbua Swali Gumu

Aliye na kalamu aitwae. Asiye nayo asikilize kwa makini, maana hesabu ya leo yawezekana hata kichwani.

Watu wengi hudhani kwamba maswali ya hesabu ni mambo ya shule, na maswali ya maisha ni mambo mengine kabisa. Sivyo. Yote hufumbuliwa kwa njia moja yenye hatua nne: fahamu swali, tafuta njia, fanya kazi, kisha hakikisha jibu. Mwalimu George Polya, mzaliwa wa Budapest, alizieleza hatua hizo katika kitabu chake cha mwaka 1945. Basi, na tuzijaribu.

Tuseme wewe ni mkulima wa Buswelu, nawe umempelekea mnunuzi magunia 3 ya mpunga. Mizani yake ya kuning'iniza yasema kila gunia lina kilo 90, jumla kilo 270. Moyo wako haukubali. Ukigomba, utaambiwa, "Mizani haisemi uongo." Ukinyamaza, utarudi nyumbani na mashaka. Utafanyaje?

Hatua ya kwanza, fahamu swali. Usiulize, "Je, mtu huyu ni mwizi?" Swali hilo halina hesabu, lina ugomvi tu. Uliza hivi: "Mizani hii ikipewa uzito unaojulikana, itasoma kilo ngapi?" Hapo umepata swali linaloweza kujibiwa.

Hatua ya pili, tafuta njia. Huna mawe ya kupimia. Lakini ukishindwa na usichokijua, anza na unachokijua. Wajua nini? Maji! Lita 1 ya maji safi ina uzito wa kilo 1. Na maji hayana tajiri wala maskini. Kila mtu ayaamini.

Hatua ya tatu, fanya kazi. Kwanza tazama mshale wakati mizani haina kitu: je, umesimama kwenye sifuri? Kisha pima ndoo tupu, uandike. Tia maji lita 20, upime tena, uandike. Usitegemee maneno kwamba ndoo ni ya lita 20. Ijaze kwa kipimo cha lita 1, mara 20. Sasa toa uzito wa kwanza katika uzito wa pili. Tofauti yapasa kuwa kilo 20.

Tuseme mshale ulianza sawasawa kwenye sifuri, na tofauti ni kilo 18. Yaani penye kilo 10 za kweli, mizani yasoma 9. Pima na ndoo mbili pamoja, lita 40. Ikisoma nyongeza ya kilo 36, umezidi kuthibitisha kwamba kosa hukua pamoja na mzigo.

Basi mpunga wako una kilo ngapi za kweli? Wengi watasema, "Imepungua sehemu moja ya kumi, nitaongeza sehemu ya kumi ya 270, yaani 27, nipate 297." Ngoja kidogo.

Hatua ya nne, hakikisha. Rudisha jibu kwenye mizani. Sehemu 9 za kumi za 297 ni 267.3. Lakini mizani ilisoma 270! Jibu hilo halifai. Fikiri tena: 270 ni sehemu 9, basi sehemu moja ni 30, na sehemu 10 ni 300. Hakikisha: sehemu 9 za kumi za 300 ni 270. Naam! Umepunjwa kilo 30. Ikiwa kilo moja ni shilingi 1,000, hizo ni shilingi 30,000, fedha za daftari na sare za mtoto.

Sasa huna haja ya kugomba. Waonyeshe wenzako namba zako, kisha upeleke habari kwa Wakala wa Vipimo, ambao ndio wenye kazi ya kukagua mizani ya biashara. Maji hayachukui nafasi ya mkaguzi. Yanakupa sababu ya kumwita.

Jambo hili si geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe walilalamikia mizani ya wanunuzi. Hawakuishia kunung'unika, walijiunga na kuweka watu wao wa kusimamia upimaji. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa shirikisho la V.F.C.U. mjini Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Nao pia walianza kwa kuuliza swali lililo sawa: uzito wa kweli ni upi?

Zoezi la nyumbani. Mizani yasoma kilo 19 penye kilo 20 za kweli. Gunia la dengu limesoma kilo 76. Uzito wake wa kweli ni upi? Atakayepata 79.8 asikate tamaa. Arudi kwenye hatua ya nne. Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.